Saladi ya moto ya matunda na jibini iliyomzuia baba mkwe asiondoke Kasulu

Wakuu, habari za kushinda. Hii si chai, imetokea nyumbani kwangu mwenyewe, na wife anajua naandika.

Mwaka 2013 nilikuwa nafundisha sekondari Kasulu. Mimi mtu wa Tanga, wife ni Muha wa Nyakitonto, kijiji cha huko huko Kasulu.

Kama hujakaa Kasulu mwezi wa saba, usibishe. Watu tunalala na soksi.

Mwezi huo baba mkwe akaletwa kwetu. Presha ilimpanda mpaka akaanguka shambani. Daktari akamwambia ameze dawa kila siku, aache chumvi na mafuta, ale mboga na matunda kwa wingi.

Dawa mzee alimeza. Chakula ndio kikawa kesi.

Ugali wa muhogo na maharage yasiyo na chumvi anamega matonge mawili, ananawa. Kachumbari ndio kabisa, kwake majani mabichi ni ya mbuzi. Akakonda mpaka koti likamning'inia. Akaanza kusema anarudi kwake, na sote tulijua akirudi tu, na chumvi inarudi. Wife akawa analia jikoni.

Ila huyu mwanamke, wakuu, acheni tu. Siku moja akafuta machozi, akasema atamtengenezea baba yake saladi ya kushiba, ya moto.

Jibini ya kununua hatukuipata, akatengeneza mwenyewe. Kaka yake alileta maziwa kwa bodaboda kutoka Nyakitonto. Akayachemsha, akakamulia limao, yakaganda, akayachuja kwa kitambaa safi na kuyakandamiza kwa jiwe mpaka kesho yake. Bila chumvi hata punje.

Sasa na mimi nikajitia mjuaji. Wakati wa kupakua nikaona saladi bila nyama haijakamilika, nikatupia vipande vya nyama choma juu ya jibini.

Mzee akaitazama sahani, akaisukuma.

"Maziwa na nyama sahani moja? Mkwe, unataka ng'ombe wangu wakauke?"

Wenyeji mnanielewa. Wazee wafugaji kule hawachanganyi hivyo vitu, wanaamini ng'ombe ataacha kutoa maziwa. Mimi wa pwani ningejulia wapi?

Hakula kitu. Jioni begi lake lilikuwa mlangoni, kesho anaondoka.

Wife hata hakunigombeza. Asubuhi akaanza upya. Boga la kuchoma, maharage ya moto, kabichi kaikata nyembamba, kaipitisha kwenye maji yanayochemka ili isiwe mbichi. Parachichi, papai, machungwa kayamenya mpaka ile ngozi nyeupe. Juu jibini na karanga za kukaanga bila mafuta wala chumvi. Rangi zake tu zilikuwa zinakuita.

Akamwekea baba yake, akakaa chini pale pale.

"Baba, haya maziwa ni ya ng'ombe wa mahari yangu. Nyama haijagusa hapa."

Mzee akala kijiko cha kwanza kama anaonja dawa. Akala cha pili. Alipofika kwenye chungwa na jibini pamoja, uso ukalegea. Sahani ikaisha, akaomba nyingine. Wife akageukia ukutani kufuta machozi.

Mzee akaniita. "Mkwe."

Nikaitika, roho mkononi.

"Wale ng'ombe wa mahari walikuwa wachache. Rudisha begi langu ndani."

Nililibeba mbio mbio asije akabadili mawazo.

Alikaa kwetu mpaka mvua za kwanza, na presha ikatulia, dawa hakuacha. Siku hizi kule Nyakitonto anawasimulia wenzake kuhusu chakula cha binti yake.

Nilichojifunza: mgonjwa akikataa chakula, usikimbilie kumwita mkaidi. Uliza kwao wanakulaje, halafu pika kwa upendo.

Haya wakuu, nanyi mna saladi gani ya msimu wa baridi? Wa Njombe na Lushoto msijifiche, na wenye wakwe wagumu leteni yenu.

Kuhusu ng'ombe, nimekaa nikawaza, mzee yupo sahihi. Walikuwa wachache.