Ile C Yangu ya Pili
Jumapili iliyopita kanisani Timau, niliombwa niwatie moyo vijana waliokosa alama za chuo kikuu. Nikawaambia warudie mtihani kama mimi. Nikawasimulia sweta yangu iliyotoboka viwiko, harufu ya ngano asubuhi yenye baridi, na mama akiuza viazi sokoni Kiirua ili nirudi kidato cha nne. Utamu wa kusimulia ukanizidi. Mdomo wangu hauna breki, nikasema nilitoka C nikapata A. Watu wakapiga makofi.

Nilikuwa nimesahau kwamba mama amekuja kunitembelea. Akasimama kule nyuma kutoa ushuhuda.

“Namshukuru Mungu kwa huyu kijana wangu,” akasema. “Alirudia, akapata tu C ile ile, na sijawahi kujutia hata kiazi kimoja.”