Ukimwita, Asikute Mwiko

Iko siku moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, ingawa hadi leo sielewi vizuri nani alikosa. Nimeikumbuka kwa sababu jana kwenye simu uliniambia mbwa wako huko Gitothua anarukia wageni, na ukimwita anatoroka. Sijui kama mimi ndiye wa kuulizwa. Shule niliishia darasa la saba, na mbwa mmoja niliyewahi kufuga nusura anihamishe nyumba. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, kwa hivyo acha niseme.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilipanga kwenye ploti moja hapa Thika, karibu na Kiandutu, vyumba vinane, mfereji mmoja. Nilikuwa nachuma kahawa. Jioni nikifika getini, mbwa wangu Bobi ananirukia, miguu miwili kifuani, ananilamba hadi mashavu. Nilicheka tu. Rinda la kazi lilikuwa chafu tayari, matope ya mbwa yangeongeza nini?

Chumba cha pili alikaa Mzee Juma, aliyewahi kuwa mlinzi kwenye shamba la kahawa. Ijumaa hiyo alitoka na kanzu nyeupe, ameshatawadha, anaenda msikitini. Bobi akamrukia vile alivyozoea kunirukia mimi. Matope kwenye kanzu, mate mkononi. Mzee alirudi ndani na mkewe akabeba maji, maana kwa dini yao mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mojawapo ni kwa udongo. Alipomaliza, swala ilikuwa imempita.

Nikaona aibu. Nikaita, "Bobi, kuja!" Akaja mbio, mkia unacheza. Nikamchapa na mwiko wa ugali mbele ya watu wote, ili waone nimefanya kitu. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo tunavyoambiwa? Lakini mama mwenye ploti hakufurahishwa. "Nakupa hadi Ijumaa ijayo," alisema. "Akirukia mtu tena, uhame na yeye." Kusema kweli hakuwa mbaya. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo.

Hapo ndipo akili yangu ilichanganyikiwa. Nikisema "Bobi, kuja," anakimbilia nyuma ya choo. Nikinyamaza, anakuja. Nikitoka kazini, ananirukia kama zamani. Daftari langu la siku zile bado ninalo, na nimeandika: Bobi amekuwa mkaidi. Au ni mimi? Hayo maneno ya mwisho niliyakata, kisha nikayaandika tena.

Jumapili Mzee Juma alinikuta nimeinama nyuma ya choo, nambembeleza Bobi na mwiko nimeushika.

"Binti, unamwita au unamfukuza?"

"Namwita, Mzee. Hasikii."

"Anasikia kuliko wewe. Ijumaa ulimwita, akatii. Ukamchapa kwa kutii."

"Aai, Mzee! Nilimchapa kwa kukuchafua."

"Hiyo mliijua wewe na mwiko. Na kuruka alifundishwa na nani? Kila jioni nawaona mkikumbatiana kama bwana na bibi arusi." Mkewe akacheka kutoka ndani. "Mbwa hajui Ijumaa, binti. Hajui hii ni kanzu na lile ni rinda la kahawa."

Nilitaka kumwuliza anajua nini kuhusu mbwa, na yeye hata kuwagusa hawagusi. Nadhani aliliona swali usoni mwangu. Akaniambia kule shambani alilinda na mbwa watatu miaka mingi, na hakuwahi kuwagusa. "Wenzangu walikuwa na mkono wa kuvuta na wa kusukuma. Mimi nilikuwa na mdomo na ukoko wa ugali tu. Ilibidi tuelewane."

Basi wiki hiyo nilifanya alivyoniambia. Bobi akiruka, nampa mgongo, simwongeleshi. Miguu yote minne ikiwa chini, ndipo namsalimu. Nikishika ukoko juu kidogo ya pua yake, anainua kichwa na makalio yanashuka yenyewe. Nasema "keti" mara moja, nampa. Na nikimwita, hata akichelewa namna gani, anakuta ukoko. Mkono mtupu haulambwi. Siku nyingine yeye alisahau kila kitu, siku nyingine nilisahau mimi.

Ijumaa ikafika. Mama mwenye ploti alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Mzee akatoka na kanzu ileile. Bobi akachomoka.

"Bobi, kuja!" Nikainua ukoko.

Akasimama katikati ya uwanja. Akaniangalia mimi, akamwangalia Mzee. Mzee akasema polepole, "Keti." Akaketi. Mzee akapita na kanzu yake nyeupe, na Bobi akaja kwangu kuchukua ukoko. Alimtii nani, mimi au Mzee, au alikuwa amechanganyikiwa tu kama mimi? Sijui. Lakini hatukuhama.

Kwa hivyo, mwanangu, usimwite mbwa ili umpige. Mwito wako uwe wa heri siku zote, hata siku una hasira. Na kama kuruka ni vibaya, kuwe vibaya kwa kila mtu hapo nyumbani, hata kwako ukiwa na nguo kuukuu.

Kuna jambo lingine ambalo sikutaka kuliandika. Jana nilipokupigia, neno lako la kwanza lilikuwa, "Nimefanya nini, mami?" Nilikuwa nataka kukusalimu tu. Nimekumbuka ulivyokuwa mdogo, nikiita kutoka jikoni, "Wanjiru, kuja hapa!" nawe unakuja polepole, ukijua unachokuja kukuta. Mzee Juma alinifundisha vizuri. Ni mimi niliyedhani ni habari ya mbwa.

Njoo Jumamosi, uje na huyo mbwa. Nakuita, na ukoko wenu nyote wawili nimeuweka. Mungu akupe sauti ambayo walio nyumbani mwako wakiisikia watakuja mbio, mkia ukicheza kwa aliye na mkia. Uishi, mwanangu, hadi nawe wajukuu wakuite shosho.