Sema la Mwenzio Kwanza

Usimwendee Bi Kaa Kwanza ukitaka kuonewa huruma. Huruma utaipata kwa jirani, tena bure. Chumba chake cha ushauri kiko juu ya duka la rangi. Unapanda ngazi za chuma huku harufu ya rangi ikikupanda kichwani, na ndani unakuta viti vitatu visivyofanana. Wateja wake wengi ni watu wazima waliokwisha kulea. Watoto wameondoka, mvi zimeingia, wawili wametazamana mezani na kugundua hawajuani.

Jina hilo la utani kapewa kwa sababu kila aingiaye na kilio chake huambiwa, "Kaa kwanza." Kisha huja lile linalowatoa watu jasho: usiseme lako. Sema la mwenzio, mpaka mwenzio mwenyewe akiri, "Ndilo hilo." Kabla ya hapo hakuna ushauri wala suluhu, hata ukilia machozi ya damu.

Hayo hakuyatoa chuoni. Miaka mingi alikuwa mpiga chapa mahakamani, akichapa kesi za talaka mpaka vidole vikafa ganzi, na katika kesi zote hizo kila mtu alilijua lake kwa nukta na mkato. La mwenzake? Thubutu! Ndoa yake mwenyewe ilipovunjika, watu wakapata la kusema: kinyozi hajinyoi. Naye akawajibu, "Hata daktari wa meno hung'oka meno. Mbona mnakwenda kung'olewa?"

Basi balaa likaingia kwao. Kaka yake mkubwa, aliyevuka hamsini, alianza kupaka nywele rangi nyeusi mpaka kola za mashati zikaharibika. Akauza gari la familia, akanunua pikipiki kubwa inayonguruma kama mashine ya kusaga. Mkewe akavumilia, akavumilia, maji yakazidi unga, akafunga nguo zake na kuhamia kwa dada yake. Hapo mama yao mzazi akampigia mshauri simu. Hata salamu hakutoa.

"Wifi yako nitamleta huko kwako. Mwambie arudi kwa mumewe, basi."

"Akija atakaa kitini kama wengine, mama. Na kaka pia."

"Hayo mambo yako weka kando, hii ni damu yako! Asiporudi, na wewe usikanyage kwangu."

Liliuma. Neno la mama, nani lisimuume? Tangu aachike, mlango wa mama ndio pekee aliokuwa akiusukuma bila kubisha. Lakini wake za watu wote awakalishe na kuwasikiliza, halafu wifi yake amswage kama kuku arudi bandani? Hapana! Akakata simu, na kanuni yake hakuigeuza.

Wakaja. Mama naye akaja, akaketi kwenye benchi nje ya mlango, mabegi ya mkwewe miguuni pake. Alikuwa amepita kuyachukua mwenyewe kwa dada mtu, kana kwamba hukumu imeshatoka.

Ndani, wifi akaanza. "Baba watoto anaona uzee unamjia, na anaona mimi ndiye ninayeuita. Nikimkumbusha dawa ya presha, anasikia nimemwambia amechoka. Anataka mtu mmoja amtazame kama zamani."

Kaka akainamisha kichwa. "Ndilo hilo," akasema.

"Haya, kaka," akasema mshauri. "La mwenzio."

"Analalamikia pikipiki."

"Silo," akasema mkewe.

"Gari, basi. Niliuza bila kumwambia."

"Liliniuma, lakini silo."

"Anadhani nina mwanamke nje."

Wifi akaguna. "Na kola hizo? Nani akutake! Silo."

Kaka akamgeukia dada yake. "Mdogo wangu, nisaidie. Wewe unalijua."

Alilijua, ndiyo. Neno moja tu na mambo yangekwisha: mabegi yangerudi, mama angetabasamu, mlango ungebaki wazi. Lilimfika mpaka ncha ya ulimi, akalimeza.

"Hili halisemewi na mtu."

"Mimi ni kaka yako!"

"Humu ndani wewe ni mteja. Kaa."

Hakukaa. Alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Basi sijui! Miaka yote hii, sijui anawaza nini, sijui anataka nini! Sijui!"

"Ndilo hilo," akasema mkewe.

Wifi akachukua mkoba wake, akafungua mlango, akainama na kuyatwaa mabegi miguuni pa mama mkwe.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Kwa dada, mama. Kwaheri."

Mama akamgeukia binti yake, macho makavu kabisa. "Umemwacha aende!"

"Nimemwacha. Na Jumapili nitakuja kwako, mama. Ukinifungia, nitakaa hapohapo nje mpaka ufungue, majirani wote wanione."

Kaka akawapita kwa kasi, akasimama juu ya zile ngazi za chuma.

"Mama watoto!"

Wifi alikuwa amefika chini. Hakugeuka. "Nini?"

"Huko unakolala... unapata usingizi?"

Akayatua mabegi.

"Sipati," akasema. "Kesho njoo uniulize kwa nini."