Kahawa Iliyopandishwa Darini

Hapana, mibuni yangu sikuing'oa. Wenzangu wote wameng'oa, wamepanda parachichi, wakipita hapa wananitazama kama mtu aliyesahau kuvua nguo za msiba. Kahawa nachuma, nakaanga mwenyewe, nammiminia wifi yangu. Hanywi. Anashika kikombe tu apate joto.

Huyu wifi, dada wa marehemu mume wangu, ndiye alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kahawa. Binti yake alifia njiani, juu ya lori la mbao, akikimbizwa Makambako kujifungua. Kichanga naye hakukaa. Basi alipokuja dada mmoja wa ofisi ya kahawa mjini kutufundisha biashara ya haki, wifi alisikia jambo moja tu. Yule dada alikuwa anaongea puani, hivi: "Akina maaama, mnunuzi wa Ulaya ataongeza fedha juu ya bei, na ile nyongeza siyo ya mfukoni, ni ya kijiji, mkubaliane wenyewe mjenge niniii." Sisi bado tunacheka pua, wifi keshasimama.

"Chumba cha kuzalia."

Akakaa. Nani angembishia?

Alitusimamia huyo! Anapita mashambani na kikapu, sauti kama ya kanga: "Nyekundu tupu, jamani! Hii ya kijani umeichuma kwa macho au kwa makalio?" Tukimaliza kuosha tunaianika uani kwake kwenye vichanja, ya nyumba zote imechanganywa, maana tulikuwa tunauza pamoja.

Mwezi wa sita ukungu ukashuka. Huku kwetu ukungu ukikaa, hata jogoo hajui kama kumekucha. Maturubai yakalowa, kahawa ikaanza kunuka uvundo. Sasa sisi kitu cha thamani kikilowa tunakipeleka wapi? Darini, juu ya mafiga. Mbegu za mahindi zinakaa huko, moshi unafukuza wadudu, mama zetu walifanya hivyo, na mama zao. Wifi akaipandisha yote, ungo kwa ungo, akachochea moto wa kuni za miwati mpaka macho yakamvimba. Jua liliporudi, kahawa imekauka, ukiishika inalia kama kokoto. Jumapili tukamwimbia nje ya kanisa. Mwinjilisti, na ile sauti yake ya kutetemeka: "Maaama huyu ameokoa jasho letu!" Vigelegele nilipiga mpaka nikakohoa.

Tukaenda naye Makambako kupeleka ya kuonjwa, maana mnunuzi hanunui kabla haijaonjwa. Amevaa kitenge cha kwaya. Garini ananiambia, "Wifi, dirisha litazame mashariki. Mzazi apate jua."

Mwonjaji alikuwa baba wa makamo, mpole, shikamoo kila mahali. Akakaanga, akasaga, akamwagia maji ya moto, akachota na kijiko: fyuuup! Akatema ndooni: pti! Nikamwiga palepale, fyuuup, pti, wifi akanifinya paja huku anacheka machozi yanamtoka.

Sijamsikia akicheka tena. Kikundi kilikufa msimu uleule, kila mtu akabeba fungu lake akawauzia walanguzi. Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, angepata wa kujibizana naye. Wanawake bado wanapakiwa kwenye malori ya mbao. Likipita lori lina kanga zinapepea juu, wifi anageukia ukuta. Na jiko lake amelifunga kwa waya. Anapikia nje, kuwe na ukungu kusiwe na ukungu, mwavuli mkono huu, mwiko mkono huu. Namtania: "Wifi, jiko umelipangisha?" Nachutama tu pembeni, nashika mwavuli.

Siku ile kule Makambako, yule mwonjaji alionja kikombe kingine, na kingine. Wifi kainama mbele, mikono magotini, bado uso una kicheko. Baba wa watu akafuta mdomo, akavirudisha vikombe vyote upande wetu.

"Mama, hii siyo kahawa, hili ni jiko. Rudini nayo."