Honi ya Kiwandani Imenipa Mke

Jamani, leo nimepata mke kwa sababu ya honi mbovu!

Gari langu kuukuu mnalijua. Wiki nzima lilikuwa kwa fundi mjini Tororo. Rangi nyeusi mpya, bampa inayong'aa, vifuniko vya magurudumu vya kujitazamia ukichana nywele. Vyote vya kununua dukani. Cha kiwandani kilichobaki ni honi tu, ile inayokohoa kama mbuzi.

Nikaenda kijijini Lunyo kwa kina Nekesa, mpenzi wangu. Baba yake, mzee wa kanisa, alishaniambia mara mbili kwamba hampi binti yake mtu anayeonja pombe.

(Mimi huonja. Kidogo.)

Nikajua akiliona gari hili atalegea.

Naingia uani, watu mbio! Mama anafunga mlango, mzee anatumbukia kwenye mihogo. Kumbe gari jeusi linalong'aa huku huja na polisi tu.

Nikabaki mimi na kuku.

Basi nikapiga honi. Ikakohoa.

"Aa! Kumbe ni wewe?"

Mihogo ikatikisika, mzee akatoka. Hana shati. Amekumbatia debe la waragi, pombe haramu aliyokuwa anaipika, bado ya moto.

Mkwe hamtazami baba mkwe akiwa hivyo, mnajua wenyewe. Nikageuza macho kwenye bampa. Humo namo nikamwona, yeye na debe lake!

Mzee akakohoa kama honi yangu.

"Kijana," akasema, "harusi unataka lini?"

Nimesema Jumamosi. Honi sibadilishi ng'o. Nani anakuja?