Katuni ya Ndunge ya Watu wa Chini ya Ardhi

Kama ulisoma shule ya msingi kule Muthetheni, Machakos, miaka ile tulipokwenda peku, kila Ijumaa na mtungi wa maji ya kuosha darasa, sihitaji kukueleza njaa ya saa nne. Wala harufu ya isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, ikitoka jikoni mwa shule wakati mwalimu anafundisha hesabu za sehemu. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka vumbi likatubadilisha rangi. Lakini darasa letu la sita lilikuwa na kitu ambacho madarasa mengine hayakuwa nacho. Tulikuwa na Ndunge.

Ndunge alikuwa jirani yangu wa deski, msichana mkimya mwenye vidole vya wino, na nyuma ya daftari lake la hesabu alichora katuni. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kutisha. Jua lilikuwa limewaka kupita kiasi, mito ikakauka, na watu wa Machakos wakahamia chini ya ardhi, katika mji wa mabomba. Huko walivuta hewa iliyotengenezwa na mashine kubwa, na kila aliyeivuta alisahau neno moja kila siku. Wazee walikuwa wamebaki na maneno matatu, manne. Msichana aitwaye Syombua alikuwa akiteremka ndani zaidi kumtafuta baba yake, fundi aliyetumwa kurekebisha ile mashine na hakurudi.

Kwa kuwa chini ni giza, Ndunge alipaka kila ukurasa mweusi kwa biro, akiacha nyuso tu. Biro yake iliisha ndani ya wiki moja. Tukaanza kumpa zetu, hata zile tulizokuwa tumezitafuna. Kila Ijumaa zilitoka kurasa mbili, daftari likapita deski hadi deski. Siku Mwalimu Kioko alipolinyakua, tulijua tumekwisha. Alisoma akiwa amesimama, kurasa zote, kisha akamrudishia.

"Hesabu fanya mbele," akasema, "na hii iwe nyuma. Zisikutane."

Baba yake Ndunge, Mzee Muli, alikuwa mchimbaji wa visima. Jumanne moja, tukiwa tunakunywa uji, mama mmoja alikuja mbio akasema kisima kimeporomoka na Mzee Muli yumo ndani. Shule nzima ilikimbia kwenda huko. Wanaume walichimba kwa zamu. Abdi, aliyeuza mbuzi pale sokoni, alileta kamba zote za mifugo wake, akavua viatu, akaingia kuchimba na wenzake. Akina mama waliimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini. Ndunge alinishika mkono. Hakulia.

Saa kumi hivi, mchimbaji mmoja aliinua mkono tunyamaze. Tukasikia sauti ya mtu ikitoka ardhini.

Mzee Muli alitolewa akiwa amevunjika mguu. Katuni nayo ilikoma. Syombua aliachwa ndani ya bomba, hewa ikimwishia, na hakuna aliyethubutu kumuuliza Ndunge.

Wiki kadhaa baadaye nilienda kwao Jumamosi. Mzee Muli alikuwa amejilaza kitandani, mguu una plasta, akaomba aonyeshwe lile daftari. Alilifungua polepole mpaka ukurasa wa mwisho.

"Mwaitu, mbona umeachia hapa?" Alimwita hivyo, yaani mama, kwa sababu Ndunge alipewa jina la nyanya yake, aliyemzaa Mzee Muli.

"Sitaki kuchora huko chini tena, Baba."

"Lakini huyu baba ya Syombua bado ako ndani. Utamwacha?"

Hapo Ndunge akalia, mara ya kwanza tangu siku ile. Baba yake akamngoja amalize. Kisha akamweleza jinsi udongo unavyosikika ukikukalia juu, na jinsi alivyotaja majina yao wote, mkewe, watoto, mpaka mbwa, akimaliza anaanza tena.

"Ukinyamaza huko unalala," alisema. "Ukilala, basi."

Ijumaa iliyofuata Syombua alimpata baba yake ndani ya tumbo la mashine. Alikuwa amesahau maneno yote isipokuwa jina la binti yake, alilokuwa akilirudia tangu siku ya kwanza. Ukurasa huo ulipita deski hadi deski. Wavulana wakubwa wa nyuma, wale wa kutupiga makwenzi, walifuta macho wakisingizia mafua.

Siku hizi nashona nguo kiwandani huko Athi River. Ndunge ni mwalimu, na daftari lile lililiwa na mchwa zamani. Juzi nilimsimulia mwanangu hadithi hii.

"Mum, iko kwa simu?" akaniuliza.

"Haiko."

"Sasa mlikuwa mnaionaje?"

Yeye ana katuni za rangi, zinazoongea, na kabla moja haijaisha kidole kishagusa nyingine. Sisi tulikuwa na kurasa mbili nyeusi kwa wiki, halafu siku nyingi za kuchunga mbuzi tukibishana kama Syombua atafika. Simlaumu. Natamani tu, hata mara moja, apate darasa la watoto arobaini wa kungoja nao ukurasa mmoja.