Ulimi wa Bibi na Pikapu Iliyolala

Kaka yangu alirudi kutoka Dar na wazo moja tu kichwani: kulaza pikapu yake. Huko alikuwa ameziona zimelala, tumbo karibu na lami, vijana wa stendi wakizikodolea macho mpaka zinapotea. Fundi wa nyuma ya soko la Kibiti akapunguza majani ya springi za nyuma, akakata springi za mbele, na jioni gari likashuka. Nasema kweli, lilipendeza. Watoto wa mtaa walipiga kelele, "Imelala kinoma!" na kaka akaendesha polepole kama bwana harusi, ingawa mke mwenyewe alikuwa hajampata.

Alikuwa karibu kumpata. Mchumba wake anakaa na mama yake hapa hapa Kibiti, ila aliyemlea ni bibi yake wa Mohoro, na bila bibi huyo hakuna kinachoamuliwa. Siku ya kujibu posa bibi alikuja kwa basi, akakubali, na kaka kwa furaha akajitolea kumrudisha kwa pikapu. Mimi nilikaa nyuma. Bibi alikaa mbele, tambuu shavuni. Kwenye tuta la kwanza tulikwangua. La pili gari liliruka, likatua kama mchi kinuni, nikasikia "Yallah!" Bibi alikuwa amejing'ata ulimi.

Tulipofika kwake alishuka, akatema mate mekundu, na hatukujua tambuu ni kiasi gani na damu ni kiasi gani.

"Mume wangu," alimwambia kaka, maana kwetu bibi humtania hivyo mchumba wa mjukuu wake, "siku ya ndoa utakuja kunichukua wewe mwenyewe, kwa hili hili kobe lako. Nikifika na ulimi mzima, mke unaye. Nikijing'ata tena, ndoa ingoje mpaka ununue punda."

Kaka alicheka. Tuliporudi akamsimulia mama wa mchumba, yeye hakucheka hata kidogo. "Mama yangu anatania kila kitu," alisema, "isipokuwa mdomo wake."

Mtu mwingine angelinyanyua gari likawa kama zamani, yakaisha. Kaka alisema hawezi kushindwa na tuta. Basi kazi ikawa kutafuta kimo ambacho gari bado linaonekana limelala na bibi bado anatafuna salama. Na bibi wa majaribio nilikuwa mimi. Mama yetu alikataa katakata nisipewe tambuu, kwa hiyo nilijazwa mdomoni vipande vya nazi kavu, nikakalishwa mbele, na kazi yangu ikawa kutafuna kutoka sokoni mpaka njia panda ya Utete na kurudi.

Fundi alianza kwa kurudisha jani moja la springi. Gari likawa gumu, kila kokoto nililisikia kwenye fizi. Akabadilisha shokapu akaweka laini. Tukawa tunayumba kama mtumbwi wa Salale uliopakia watu wanaogombana, na kwenye tuta tumbo likagonga palepale. Akakata ndala kuukuu, akazibana juu ya ekseli ziwe mito. Hapo kidogo afadhali, ila mzee mmoja aliyekuwa akipita alisimama akaziangalia sana zile ndala, kwa sababu yake ilikuwa imepotea msikitini.

"Umejing'ata?" kaka aliuliza kila baada ya tuta.

"Mmh."

"Mmh ndiyo au mmh hapana?"

Siku moja tulisimama kwenye kivuli na mwalimu wangu wa fizikia akatokea upande wa dirisha langu. Akaniuliza hujambo. Sikuweza kujibu, mashavu yamejaa nazi. "Umeng'olewa jino?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema pole, na wiki nzima hakunisimamisha darasani. Kwa mtu kama mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni huwa naandika kwanza kichwani, ile ilikuwa wiki nzuri kuliko zote za kidato cha tatu.

Mwishowe fundi akasema springi zinakosa kazi, zipewe mzigo. Tukapakia magunia ya mpunga nyuma. Ajabu, likatulia! Mbuzi ya mama ya kukunia nazi, tuliyoifanya kipimo cha tuta, ilipita chini yake bila kugusa, nikatafuna mpaka njia panda na ulimi wangu ukabaki mzima. Kaka akanikumbatia mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi ya ndoa tukaondoka na mpunga wetu nyuma. Kosa letu tuliliona tulipofika Mohoro. Bibi wa Mohoro haendi kwenye ndoa ya mjukuu peke yake. Kulikuwa na dada zake, wakwe zake, majirani, mikeka, tenga la kuku na ngoma. Wote wakapanda. Gari likashuka, likashuka, mpaka matairi yakapotea.

"Nenda waambie wapungue," kaka alininong'oneza.

"Mimi?"

"Wewe mwanamke mwenzao."

Nikaenda nikasimama mbele yao. "Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu!"

Nikarudi. "Nimewasalimia," nikamwambia.

Alivyonitazama, nikajikuta nimesema, "Kaka, si tushushe mpunga? Mzigo tayari tunao." Tukashusha magunia, tukayaacha ukumbini kwa bibi, na gari likapanda mpaka kimo kile kile. Kaka akapumua.

Lakini mpunga hauchezi. Hatujafika hata barabara ya lami, ngoma ikaanza, wakinamama wakainuka, gari likawa linaruka kabla ya tuta lenyewe. Nimebanwa katikati, nikaona bibi ameshika shavu kwa mkono. Kaka akatoa kichwa dirishani.

"Mama zangu, nawaombeni mkae kama mpunga!"

"Katuita mpunga!" mmoja akapiga kelele. "Bwana harusi katuita mpunga!" Na hapo hapo ukatungwa wimbo wa mpunga, tena wenye kurukaruka kuliko ule wa kwanza.

Ikabidi kila tuta kaka asimame, wao washuke, walivuke kwa miguu wakiimba, kisha wapande tena. Ikwiriri watu walitoka majumbani, wakidhani kila tuta lina harusi yake. Simu zikaanza: shehe amefika, wazee wameketi, mko wapi?

Kwenye tuta la mwisho, msikiti wa Kibiti ukionekana, wakinamama wakagoma. "Miguu imechoka. Vusha hivi hivi."

Kaka aliweka mikono kwenye usukani, jasho linamtoka. Bibi akafungua mlango, akashuka.

"Bibi, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kumwoza mjukuu wangu. Huyu mume nimempenda, sitaki tuta limkoseshe mke."

Akalivuka tuta kwa miguu yake, anatafuna, na pikapu nyuma yake ikalikwangua gaaaa, watu wote wakiwa juu yake. Mlangoni pa msikiti akatema tambuu pembeni, akatoa ulimi wake mwekundu wote mbele ya shehe na wazee waukague.

"Mzima?" aliuliza.

Shehe aliinama, akatazama vizuri, akasema mzima.

"Basi fungeni ndoa. Nilisema nikifika. Sikusema nikifika nimekaa."